Saa Moja Tupo Kwako, Usijisumbue!

Jamani, hapa mjini hakuna neno la uongo kama "usijisumbue". Mtu wa Dar akikuandikia hivyo, jua anakuja na njaa yake.

Sasa kuna mwanadada mmoja, yuko saluni moja huko Kinondoni. Jumamosi hiyo hakuwa kazini, anafua zake uani, mara grupu la WhatsApp la mashosti aliosoma nao chuo likaanza kuita. "Leo bethidei yako, saa moja jioni tupo kwako, watu 12, usijisumbue. Tuma lokesheni." Hiyo ni saa nane mchana. Mkononi ana elfu 40, LUKU imebaki yuniti tatu.

Hela ilikuwa shida ndogo. Hao mashosti hawajawahi kufika kwake, wanapajua kwa Instagram tu: sofa za kijivu, zulia jeupe, luninga ukuta mzima. Ni sebule ya bosi wake, Mbezi Beach, anakoenda kumsuka. Yeye amepanga chumba kimoja Mbagala, choo cha nje, wapangaji sita.

Wengi hapo wangezusha msiba. Shangazi kafariki Tanga, simu inazimwa, kwisha habari. Naye aliiandika hiyo meseji, akaifuta, akaiandika tena. Mwisho akaenda kugonga kwa mama wa chumba cha mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona umenywea hivyo?"

Akamwaga yote, mpaka ya sofa. Mama akacheka hadi akakaa chini. Kisha akauliza, "Mchele unao?"

Cha kwanza kupigiwa simu alikuwa mwenye nyumba, akaruhusu mpaka saa nne usiku. Hili wengi hulisahau, muziki unakuja kuzimwa keki ndo inakatwa. Nyama kilo moja tu, viazi vingi, mchele kilo tatu. Mama alisimamia vitunguu mwenyewe, vikaangwe mpaka viwe kahawia kabisa, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Jiko la umeme halikuguswa, yuniti tatu zile ni za taa na muziki. Pilau likapikwa kwa mkaa, na makaa mengine juu ya mfuniko. Mangi akakopesha kreti ya soda, sharti chupa zote 24 zirudi. Viti vya plastiki vikatoka kila chumba, kijana wa chumba cha mwisho akaleta sabufa.

Saa kumi na moja akatuma lokesheni. Grupu likawa kimya dakika 20 nzima.

"Mbagala??"

"Ndiyo, Mbagala."

Walikuja tisa. Mmoja, wa kucha ndefu, hata soda hajafungua akauliza mbele ya watu, "Shoga, zile sofa ziko wapi?"

"Za bosi wangu. Mimi nakaa hapa. Karibu mkekani."

Kuna aliyecheka, kuna aliyeinamia simu. Mama akapitisha sinia na kachumbari, mikono ikapata kazi. Wa kucha ndefu alirudia pilau mara mbili, ukoko nao akaukwangua, ila picha hakupiga hata moja.

Jumapili asubuhi zilirudi chupa 23, ya 24 akailipa. Grupu limepoa mno tangu siku ile. Wawili wamemfuata pembeni kuuliza lini tena, na mmoja anataka kujua ukishuka Rangi Tatu unapitia wapi. Picha za sofa hajazifuta bado.