Mgeni Anapobisha Hodi kwa Simu: Kutoka Moshi, Chini ya Mlima

Ukiamka mapema Moshi, kabla mawingu hayajatanda, utauona Kibo mweupe na Mawenzi amechongoka pembeni yake. Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895, na kwa ajili yake watu hutoka pande zote za dunia. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari, mji hujaa vijana wenye mabegi mgongoni.

Lakini si kila mgeni wa Moshi anakuja kwa ajili ya mlima. Wengine wamekuja Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kumuuguza ndugu. Utawaona jioni wakiteremka na chupa za chai na vikapu, wakiulizana watalala wapi.

Kwa sababu hiyo, wako akina mama wa Rau, Longuo na Soweto wanaopangisha chumba cha uani kwa siku mbili tatu. Ni kazi njema. Ada ya shule hupatikana, na mgeni hupata maji ya moto na uji wa asubuhi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Zamani mgeni alibisha hodi mlangoni, ukamtazama usoni. Siku hizi hubisha hodi kwa simu, kwa ujumbe, au kupitia mtandao kama Airbnb, ulioanzishwa San Francisco mwaka 2008. Sura yake huioni. Unaona maneno yake tu, na ndani ya nyumba hiyo wanalala watoto wako na binti anayekusaidia kazi.

Jambo hili si dogo. Januari 2024, mjini Nairobi, wanawake wawili vijana waliuawa katika matukio mawili tofauti, kila mmoja ndani ya nyumba ya kupangishwa kwa siku. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu waliandamana Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Mwenye nyumba hawezi kuzuia kila uovu, lakini anaweza kuuliza kabla ya kutoa ufunguo.

Mimi ni muuguzi. Kazini tumefundishwa kwamba dalili moja haitoshi kuutaja ugonjwa. Homa yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa jambo lingine. Hivyo tunauliza, tunapima, tunaandika. Nashauri tumpokee mgeni wa simu kwa njia hiyo hiyo. Dalili za kuangalia ni hizi:

1. Haraka isiyo na sababu. Anataka jibu sasa hivi, na ukiuliza swali anakasirika.

2. Anataka mlipane pembeni. Amekupata kwa mtandao, kisha anakusihi muachane nao. Ukikubali, siku ya matatizo hutakuwa na pa kushtaki.

3. Pesa iliyozidi. Anadai ametuma nyingi kwa bahati mbaya, naye anataka chenji upesi.

4. Hataki kutaja wanaolala. Anayelipa ni mwingine, anayekuja ni mwingine, na idadi inabadilika kila saa.

5. Maswali yasiyo ya mgeni. Je, mume wako yupo? Mlinzi hulala saa ngapi? Mgeni wa kweli huuliza maji, umeme na usafiri.

6. Anaomba namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Hizo hapewi mtu yeyote.

Hapa Moshi tuna kipimo kingine chepesi. Hakuna anayeruhusiwa kupanda Kilimanjaro bila kiongozi mwenye kibali. Kwa hiyo anayekwenda mlimani analijua jina la kampuni yake, na anajua kama anapita Marangu, Machame au Rongai. Muulize kwa upole. Anayekuja hospitali naye muulize siku ya kliniki na watu watakaolala. Ugonjwa usimuulize, hiyo ni siri ya mgonjwa.

Jirani yangu, aliyeanza kupangisha hivi karibuni, alipata maombi mawili wiki moja, akaja nayo kwangu. La kwanza lilikuwa la bwana aliyeandika Kiingereza safi, na picha yake amevaa suti. La pili liliandikwa kwa herufi za mkato, bila picha, la baba aliyetaka kufika saa tano usiku na binti wa miaka kumi na miwili.

"Dada, huyu wa pili namkataa," aliniambia. "Mwanamume na mtoto wa kike, usiku!"

Nilimjibu, "Mama, wasiwasi wako ni wa haki. Lakini waulize wote wawili maswali yale yale."

Bwana wa suti hakujibu hata swali moja. Badala yake uliingia ujumbe kwamba ametuma shilingi 500,000 badala ya 150,000, na kwamba 350,000 zirudishwe haraka kwa namba ya dereva wake. Jirani alitazama salio lake mwenyewe: hakuna kilichoingia. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya mtu binafsi.

Yule baba alijibu kila kitu. Alitaja basi, saa ya kufika na siku ya kliniki ya macho, kisha akampa simu mama wa mtoto azungumze. Walipofika, kitambulisho kilifanana na jina, na mtoto alikuwa amemlalia baba yake begani. Kama jirani angehukumu kwa sura ya maandishi, mtoto yule angelala kwenye benchi la stendi.

Basi, akina mama, tusipime mtu kwa kabila, lafudhi wala mavazi. Tuweke utaratibu mmoja kwa wote: jina kamili, kitambulisho, idadi ya wageni, na kitabu cha wageni kama kile cha gesti. Asiyetaka kuandikwa, mwambie kwa adabu kwamba chumba hakipo kwake. Huna deni la maelezo marefu.

Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040. Ukimwona mtu mzima na mtoto asiyemfahamu au anayemwogopa, usigombane naye. Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au 112 ya polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto.

Ukarimu ni mlango ulio wazi, lakini mlango mwema una bawaba na komeo pia. Fungua kwa moyo mweupe, ukiwa umekwisha kujua nani amesimama nje.