Jina Litakuja la Nani?

Hapa Columbus, Ohio, anayetaka kuniibia utambulisho hana haja ya kuniona. Anahitaji jina langu, tarehe ya kuzaliwa na zile tarakimu 9 za namba ya Social Security. Akishavipata anachukua kadi ya mkopo, anajinunulia anachotaka, deni naletewa mimi. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax, mojawapo ya tatu kubwa zinazotunza kumbukumbu za mikopo Marekani, ilidukuliwa na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Wengi hawakuwahi kuipa Equifax chochote kwa mkono wao.

Baada ya hapo, kutunza siri peke yake hakutoshi. Watu wanafunga. Unaziambia Equifax, Experian na TransUnion zizuie faili lako, na benki ikiombwa mkopo kwa jina lako haioni kitu, kwa hiyo haikopeshi. Tangu Septemba 2018 huduma hiyo ni bure kisheria. Ukitaka mkopo mwenyewe unafungua kwa muda, kisha unafunga tena.

Nyumbani Kingolwira, Tanzania, wizi huu una sura nyingine, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi. Kule mwizi hakopi kwa jina lako. Anaiba kwa jina lako. Nani Tanzania hajapata ule ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani? Tunaucheka, tunaufuta. Lakini huyo fulani ni nani? Anaweza kuwa mama muuza ndizi aliyesajili laini chini ya mwavuli kando ya barabara ya Dar, akaambiwa kidole hakijasoma, aweke tena. Kumbe kilisoma mara ya kwanza. Mara ya pili kilisajili laini ambayo hajawahi kuitia machoni. Watu wakishalizwa, polisi wanaanza na jina lililokuja.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchi nzima Mei 2019, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa hilohilo la kumnyima tapeli pa kujificha. Sasa tapeli anajificha nyuma ya kidole cha mtu.

Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa kinachotumika kusajili laini, nayo ina maneno. Ni tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Wamarekani nao namba yao ilikuwa inasema: tarakimu 3 za mwanzo zilionyesha eneo ilikotolewa, mpaka mwaka 2011 walipoanza kuzigawa bila mpangilio. Sisi bado tunapeana heri ya kuzaliwa Facebook, na mwaka tunautaja.

Dawa moja ipo mkononi. Piga *106#, chagua kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na utaletewa orodha. Ukiona laini usiyoijua, nenda duka la mtandao huo uikane, tena mapema. Hakikisha umeangalia kila mtandao, hata ule usioutumia. Namba ya tapeli iripoti 15040. Kwa haki kabisa, huku Marekani sijaona kitu chepesi hivyo: simu ya kitochi, dakika mbili, bila kujaza fomu.

Kinachonikosesha raha ni steshenari. Likizo iliyopita nilikwenda kutoa kopi kwenye kibanda kimoja mtaani kwetu. WhatsApp ilikuwa wazi kwenye kompyuta, na kioo kimejaa mafaili: NIDA ya huyu, cheti cha kuzaliwa cha yule, fomu za mkopo wa chuo, picha za pasipoti. Ukituma kitambulisho kichapwe, kinachapwa, na kinabaki. Huku Marekani wengi wana mashine ya kukatakata karatasi nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu hata kijana anayehudumia pale, ila sidhani kama kuna aliyefika kibandani kumweleza.

Nikamshauri awe anafuta mafaili ya wateja kila jioni. Akacheka. "Bro, nikifuta watanipiga!"

Sijajibu, akaingia mama mmoja: cheti cha mwanawe kimeliwa na mchwa, anaomba kile alichoskani mwaka jana. Kijana akagonga herufi chache, printa ikaguna, cheti kikatoka. Mama akalipa, akamwombea baraka.

Nikapunguza dai: basi walau aweke neno la siri kwenye kompyuta. Hilo alikubali papo hapo. Akaliandika kwenye kikaratasi, akakibandika pembeni ya kioo, maana jioni mdogo wake ndiye humpokea zamu.