Kauli Ina Mwenyewe

Mpwa wangu Rehema,

Mama yako amenipigia kuniambia unataka kuacha chuo, umebakiza muhula mmoja, ili ushike video zako moja kwa moja. Hakunieleza sababu, nami sikumbana. Nikaingia kwenye stetasi zako nizitafute mwenyewe, nikakuta kauli za watu wakubwa: Kipchoge asubuhi, Mandela jioni, na jana Akhwari wa kwetu Mbulu.

Ya Mandela niiondoe kwanza. Yale maneno kuhusu hofu si yake. Yaliandikwa na Marianne Williamson wa Marekani katika kitabu cha mwaka 1992, na Mandela hakuyatamka alipoapishwa mwaka 1994, ingawa nusu ya dunia inaapa kwamba aliyasema. Maneno mazuri yasiyojulikana mwenyewe hutafutiwa mkubwa wa kuyabeba.

Ya Akhwari ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Umeibandika: "Nchi yangu haikunituma maili 5,000 nikaanze mbio, ilinituma nikazimalize." (Wengine huandika 10,000. Ukishika ramani, hizo 5,000 hata hazikufikishi Mexico.) Lakini siku yenyewe unaijua? Ni marathoni ya Olimpiki, tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi ni ya kutafuta. Kabla hajafika nusu ya safari, wakimbiaji wakisukumana, John Stephen Akhwari alianguka. Goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda kwa saa 2:20:26 na nishani zilishagawiwa. Akhwari aliingia uwanjani jua limezama, watu wachache wamebaki, saa 3:25:27. Walianza 75, wakamaliza 57, naye ndiye wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, ndipo akajibu hayo.

Wanaomnukuu hawataji mwaka 1970. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh alimaliza marathoni akiwa wa 5, kwa saa 2:15:05. Ni kasi ya kumheshimisha mkimbiaji yeyote wa zama zile, na hakuna aliyeibandika popote. Jina lake limebaki kwa siku aliyokuwa wa mwisho. Ndiyo maana napata taabu kama ni umaarufu unaoutafuta kwa video zako: mwenyewe huchagui siku ambayo watu watakukumbuka kwayo.

Sasa usidhani nakushikia fimbo ya Akhwari nikupige nayo, niseme anzisha na umalize, basi. Katika mbio zile zile Abebe Bikila, bingwa wa mwaka 1960 na 1964, alitoka njiani kwa sababu ya maumivu, na hakuna anayemwita mwoga. Na huyo Kipchoge wako, anayesema hakuna binadamu mwenye mipaka, aliisema kauli hiyo akiwa na haki nayo: Oktoba 2019, Vienna, alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi kwa vile alisindikizwa na wakimbiaji wa kupokezana. Agosti 2024, Paris, mgongo ulimuuma, akaacha baada ya kilomita 30. Ni mtu yule yule. Kauli yake haikumzuia kusimama, na kusimama hakukuifanya kauli kuwa uongo. Aliujua mwili wake kuliko bango lake.

Kwa hiyo kauli hazitakuamulia. Ukichukua ya Akhwari utabaki chuoni; ukichukua ya Kipchoge utaondoka kesho; zote mbili unazo kwenye simu moja.

Nakuomba uniandikie, si stetasi, barua. Nataka kujua kinachouma. Kama ni goti, yaani masomo yenyewe hayakuingii, au kuna mtu hapo chuoni anakusumbua, sema, tutatafuta njia na mama yako sitamwachia akufokee. Kama umechoka tu, nalo sema, uchovu si aibu. Na hizo video, niambie umekwisha tengeneza ngapi na nani anakulipa, maana hilo hukuligusa hata kidogo ulipozungumza na mama yako.

Ada ya muhula huu ninayo tayari. Siitumi mpaka barua yako ifike, ila jua kwamba ofisi ya uhasibu ya chuo hufunga mapokezi mwisho wa mwezi.

Mjomba wako.