Orodha Yangu na Rosta Yao

Orodha niliiandika nikiwa kidato cha pili, kwenye kurasa za nyuma za daftari la Jiografia, na ilikuwa na mambo kumi na moja. Mengi ni ya kawaida kwa msichana aliyekulia Mombasa akizitazama ndege zikiinama kwenda kutua: kushika theluji, kupanda Table Mountain, kufika Maskati alikotoka babu wa jirani yetu. La nne lilikuwa la hasira. Mwalimu wa historia alikuwa ametupeleka Fort Jesus, akatusimulia habari za Vasco da Gama huku jua la saa sita likitupiga utosini, na niliporudi nyumbani nikaandika: "Kuona kaburi la Vasco da Gama, nihakikishe."

Sasa ni mwaka wa saba natumika ndani ya ndege, katika shirika moja la Ghuba. Nyumbani wanasema nimepata kazi ya kuzunguka dunia bure. Siwakatalii, ila huwa nawaambia kwamba dunia hiyo naiingia kinyumenyume. Zamu yangu mara nyingi ni mlango wa mbele, na kiti cha mhudumu pale, kile kinachojikunja ukutani, kimeelekezwa kwa abiria. Ndege ikishuka Lisbon, abiria wanaiona Lisbon, mimi nawaona abiria. Tena huo ndio wakati ambao hatutakiwi kuota: tunafanya mapitio ya kimya, kila mtu anajiuliza moyoni mlango wake unafunguliwaje, moshi ukitokea upande huu atawapeleka watu wapi, yule bibi wa kiti cha pili ataweza kutembea? Ndege hairuhusiwi kubeba abiria mpaka aina yake ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Abiria anaona mwanamke aliyetulia, mikono magotini. Mimi nahesabu milango.

Halafu kuna rosta. Hutoka mara moja kwa mwezi, na siku hiyo hakuna anayemjibu mwenzake salamu mpaka ameifungua. Unaruhusiwa kuomba safari unazozitaka, nao wanaruhusiwa kukupa nyingine. Unaomba Cape Town, unapewa safari nne za nenda-rudi za usiku, zile ambazo mlango unafunguliwa, abiria wanashuka, wasafishaji wanapanda, abiria wengine wanaingia, na wewe hujakanyaga hata lami. Kochi, kusini mwa India, nimefika mara tisa hivyo kabla sijafika. Nilisimama mlangoni, joto likaniingia kifuani kama joto la kwetu, nikaona minazi mbali ukingoni, tukafunga mlango.

Ndiyo maana nikajiwekea sheria. Jina halifutwi kwenye orodha mpaka niwe nimepanda chombo wanachopanda wenyeji, nimekula kitu nilichokinunua mwenyewe kwa mkono, na nimepotea njia walau mara moja. Hoteli haihesabiwi. Hoteli tunazolazwa zinafanana kama mayai. Mara ngapi nimeamka gizani nikapapasa swichi iliyo katika hoteli ya nchi nyingine.

Theluji ilifutwa haraka, Istanbul, mwezi wa Januari. Ilikuwa imechanganyika na maji, ikaniyeyukia kiganjani. Kilichonikaa ni feri. Nilivuka kutoka Eminönü kwenda Kadıköy, kama dakika 20 hivi, na akili yote ilikuwa Likoni. Feri ya Likoni haimtozi mtembea kwa miguu hata senti, nayo inakuonyesha kwamba hujalipa: unasimama, umebanwa baina ya mkokoteni na baiskeli ya mikate, na kila mtu keshajipanga kukimbia kabla mlango haujagusa ng'ambo. Ya Istanbul unalipa, unakaa, mtu anapita na sinia ya vikombe vidogo vya kioo vya chai, shakwe wanafuata wakirushiwa vipande vya mkate wa simit. Nikajikuta nimesimama karibu na njia ya kutokea, tayari kukimbia. Hakuna aliyekimbia.

Cape Town bado haijafutwa. Nimelala pale mara tatu. Mara mbili upepo ulikuwa mkali na magari ya kamba ya kupanda mlimani hayakutembea. Mara ya tatu nilikuwa na homa. Rosta haijui upepo. Haijui Jumatatu pia, na hilo nilijifunza Lisbon.

Lisbon niliipata kwa kubadilishana: nilimpa mwenzangu safari mbili za London, zote za usiku, zote zimejaa, naye akaniachia yake moja. Nikatua, nikalala saa tatu, nikapanda tramu namba 15 hadi Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, lilimo kaburi la Vasco da Gama, na milango ilikuwa imefungwa. Jumatatu hawafungui. Nilisimama nje na hasira yangu ya kidato cha pili, imekuja kote huko na hakuna wa kuipokea. Nikazunguka mitaani. Hapo ndipo mji ulipoanza kunisemesha kwa maneno ya nyumbani. Mkahawani meza ni *mesa*. Kopo ni *copo*. Hotelini, foronya ya mto ni *fronha*. Leso ya mamangu, ambayo nilidhani ni yetu toka enzi na enzi, imeandikwa kwenye dirisha la duka: *lenço*. Na lililonichekesha kuliko yote, kanisa ni *igreja*, ambalo sisi tulilichukua likawa gereza. Ukijiuliza watu wa pwani waliona nini ndani ya majengo ya Wareno mpaka neno la kanisa likageuka hivyo, huhitaji mwalimu wa historia.

Ilinichukua mwaka na miezi mitatu kurudi, siku ya Alhamisi. Kaburi liko karibu na mlango, mkono wa kushoto, jeupe, limebebwa na simba wa mawe. Yeye amechongwa amelala chali, mikono ameiunganisha kama anayeomba. Upande wa pili amelala Camões, mshairi wao aliyemsifu. Watalii walikuwa wengi kiasi kwamba unasogezwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Sikuyasema, mbele yangu alikuwepo mtoto akilia kwamba amechoka na anataka vile vitobosha vyao vya mayai na maziwa, na kusema kweli nami nilivitaka. Nikaenda kupanga foleni. Ni vitamu, lakini viliwe vya moto. Vikipoa havina tofauti na vya sandukuni.

Ningefuta la nne siku hiyo kama nisingekuwa nimesoma kibao. Vasco da Gama alifia Kochi, mkesha wa Krismasi mwaka 1524, akazikwa huko, na mabaki yake yakapelekwa Ureno mwaka 1539. Makaburi zaidi ya moja, basi. Na la Kochi ndilo la kwanza.

Nilikwenda kwa likizo, kwa tiketi ya mfanyakazi. Tiketi hiyo ni ya bei ndogo na aibu kubwa: unakaa langoni na begi lako mpaka wenye haki wote wameingia, ndipo unaangaliwa kama nafasi imebaki. Kwenda nilipata. Kutoka uwanjani hadi Fort Kochi ni mbali, lakini mwisho wa safari kuna feri ya rupia chache, na ile ilikuwa Likoni hasa: kusimama, kubanwa, jasho. Nikatulia.

Kanisa la Mtakatifu Francis ni dogo na lina kiza cha kupendeza. Jiwe la kaburi la da Gama liko sakafuni, limezungushiwa uzio mfupi, na juu darini yananing'inia mapanka ya vitambaa vilivyoshonwa kwenye miti mirefu, ambayo zamani watumishi waliyavuta kwa kamba. Nikashuku nimepata ufa lilikopenyea neno letu pangaboi. Tulikuwa wawili tu ndani, mimi na mzee mmoja aliyekuja kupumzika. Kaburi lisilo na mtu limenitosheleza kuliko lile lenye mtu. La Lisbon linakulazimisha uliheshimu, simba na marumaru. Hili ni shimo alilolala mgeni mgonjwa miaka kumi na minne, akachukuliwa. Malindi kuna mnara wake ufukweni, ambao tulipelekwa na shangazi tukapigwa picha tumechutama; ule ndio jiwe la mwanzo wa habari, mwaka 1498, na hili la Kochi ndilo la mwisho wake. Lisbon, kwangu, ni kabati walikoyaweka mabaki.

Kurudi sikupata nafasi. Ndege ya kwanza imejaa, ya pili imejaa. Nikarudi Fort Kochi na begi langu, nikakaa siku mbili zaidi kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja wa makamo, na siku hizo mbili ndizo zilizokuwa safari. Asubuhi nilimkuta jikoni amekalia mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, kibao kile kile cha kukalia, ulimi wa chuma wenye meno mbele. Yeye anaiita *chirava*. Nilimwomba anipishe. Akasita, mgeni na kucha za rangi, kisha akanipisha. Nikakuna nazi mbili bila kugusa kifuu cha ndani, akamwita binti yake aje aone. Walipika appam, ambazo ni unga wa mchele na nazi uliolazwa ukaumuka. Ladha ni ya kitumbua kilichokataa sukari. Jioni akanisokotea asumini nywelini. Kwetu asumini husukwa kikuba, kikapachikwa kifuani au nywelini usiku wa arusi. Pale amevaa hata mwenye kwenda benki. Mama yule alifikiri nina ndugu India. Nilimwambia ninayo bahari.

Maskati niliifikia kwa basi, nusu siku ya mawe makavu na mizigo ya watu. Ngome za Jalali na Mirani zimesimama juu ya majabali, za Wareno, za miaka michache kabla ya Fort Jesus yetu, iliyoanzwa 1593. Waomani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650 na Mombasa mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Lakini kwa sura ya ngome hizi mbili, sisi tumepata nzuri zaidi; nasema hivyo kama mtu wa Mombasa na sihitaji ushahidi. Soko la Mutrah nilipotea, sheria ikatimia. Nikiwa nanung'unika peke yangu, sauti ikatoka nyuma ya majora ya vitambaa: "Unatafuta nini weye, mwanangu?" Bibi wa baibui, Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Wapi kwenu?" Nilipomwambia Mombasa alisema, "Aa, huko wanasema *ndoo* kwa njoo," akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa kahawa chungu na halua yenye zafarani. Sikununua kitambaa. Hakunitaka ninunue.

São Paulo haikuwemo kwenye orodha. Sikuwahi kuiwazia. Rosta ilinipa tu, safari ya saa zaidi ya kumi na nne, sehemu yake nikiwa nimelala kwenye vile vitanda vyetu vya juu ya dari la abiria, ambapo ukigeuka lazima umwombe radhi ukuta. Tukapewa mapumziko ya siku moja na kidogo, Jumapili. Barabara ya Paulista Jumapili hufungwa kwa magari, watu wanaijaza kwa miguu. Jumba la makumbusho la MASP limesimama pale juu ya miguu minne ya mihimili myekundu, tumbo lote hewani, tangu mwaka 1968, kazi ya Lina Bo Bardi. Chini yake watu wanauza vitu vya kale. Nilipita. Nilichokifuata ni harufu ya mawese.

Mwanamke wa nguo nyeupe na kilemba cheupe alikuwa akikaanga *acarajé*. Nilichungulia bakuli lake: kunde zilizomenywa na kusagwa, zimepigwa mpaka zikatoa povu. Bajia, basi. Asili yake ni *akara* ya Wayoruba, iliyovushwa Atlantiki na watu waliouzwa utumwani. Ile ni kubwa kama ngumi, inapasuliwa, inajazwa kamba na rojo. Ya kwetu unaila kwa chatini ya nazi, tano kwa mpigo, umesimama. Nisingebadilisha. Lakini nilikula mbili, na ya pili nilimwomba aiache tupu, bila kujaza, akaniangalia kama anayenijua.

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye duka la mikate lililo kona ya hoteli. Ukutani saa kubwa ya duara, mshale mfupi kwenye saba. Kwetu mshale ukiwa pale tunasema saa moja. Toka utotoni tunasoma upande wa pili wa saa bila kufikiri. Marehemu bibi yangu hakukubaliana na upuuzi huo. Saa yake ya mkononi aliirudisha nyuma saa sita, ili inachokionyesha kiwe ndicho, na ole wako uiguse. Mombasa iko mbele ya São Paulo kwa saa sita, na hesabu yetu iko nyuma ya mishale kwa sita. Nilipiga hesabu hiyo kwenye kitambaa cha karatasi mara mbili, kwa kuwa sikuamini. Mji wote huu, stesheni, mabenki, mikono ya watu, umevaa saa ya bibi.

Nikampigia mamangu.

"Uko wapi leo?"

"Brazili, mama."

"Huko saa ngapi?"

Nikaangalia ukutani. "Mshale uko kwenye saba."

"Na hapa saa saba," akasema. "Nishasali adhuhuri. Basi si mbali." Akaanza kunieleza nazi zilivyopanda bei.