MacGyver wawili na macho ya Mzee

Jumamosi iliyopita nilimpelekea Mzee zawadi niliyoona ni ya maana kweli: MacGyver mpya, yule wa 2016, kwenye flashi. Mzee anamjua MacGyver tangu enzi za kanda za video, na mimi nimekua nikihadithiwa ujanja wa jamaa na kisu chake kidogo. Nikachomeka flashi kwenye runinga, nikakaa kusubiri sifa.

Dakika kumi hazijaisha Mzee akauliza, "Hapo kachukua nini?"

"Betri, Baba. Si imeandikwa?"

"Imeandikwa wapi?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mzee ana glakoma, ile wengi tunaiita presha ya macho, na tangu aambiwe hospitali hataki kabisa izungumzwe. Maandishi ya kwenye skrini kwake ni ukungu mtupu. Na huyu MacGyver mpya akiokota vitu vyake, majina yanaandikwa pembeni. Mbwembwe nzuri tu, hata mimi zilinifurahisha. Kusimulia naye husimulia, ila huku timu nzima inaongea na risasi zinarindima.

Kesho yake nikaja na ile ya zamani, ya ABC, 1985 hadi 1992. Richard Dean Anderson yuko peke yake ghalani, anakuambia taratibu ameokota nini na anataka kukifanyia nini. Mzee akaegemea kiti, kafumba macho kabisa, anatabasamu.

"Huyu ndiye."

Nisiwe mnafiki, ya zamani inajikokota, na milipuko mingine inachekesha. Lucas Till naye si mbaya. CBS hawakumpa misimu mitano kwa kumhurumia. Kinachonikera ni Jack Dalton. Zamani alikuwa rubani wa dili za ujanjaujanja, kila mara anamtia rafiki yake matatani. Wa 2016 wamemfanya askari mwenye bunduki. MacGyver wa zamani alichukia bunduki kwa sababu utotoni rafiki yake alikufa walipokuwa wakichezea bastola, kwa hiyo ilimbidi afikiri ndipo apone. Huyu mpya naye hashiki bunduki, lakini ana mtu pembeni wa kumfyatulia. Sasa hapo amejinyima nini?

Halafu kuna Pete Thornton, bosi wake. Dana Elcar aliyemwigiza alipatwa na glakoma kweli, tamthilia ikiwa bado inaendelea. Hawakumfukuza. Waliuandika ugonjwa huo kwenye hadithi, Pete naye akaanza kupoteza uwezo wa kuona, na bado MacGyver anamwita rafiki.

Nikamsimulia Mzee. Akanyamaza kidogo.

"Bosi mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

Akaniagiza nimletee dawa yake ya matone pale juu ya friji. Nilipoishika, kizibo kilikuwa bado hakijafunguliwa.