Kadi Haikumfikia Bibi

Mama mwenzangu, huku kwetu Kasulu kiangazi ndicho wakati wa sherehe. Mvua ikikatika, maharage yakishaanikwa na mahindi yakaingia ghalani, utasikia vigelegele kila Jumamosi: harusi hapa, kipaimara pale, ubatizo kule. Vumbi jekundu la barabarani hutua hata juu ya keki.

Nilikulia katika kijiji kilichotokana na Operesheni Vijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu waliondolewa kwenye makazi yao ya zamani wakapangwa pamoja kwa mistari, wengine hawajuani kabisa. Marehemu mama yangu alikuwa akisema kwamba ni sherehe zilizowafanya kuwa ndugu. Palipokuwa na harusi hakuna aliyesubiri kualikwa. Huyu alikuja na kikapu cha maharage kichwani, yule na mkungu wa ndizi, na asiye na kitu alichota maji. Sisi watoto tulikunywa togwa mpaka matumbo yakauma.

Mwaka jana mwanangu wa pili alioa binti wa Kibondo. Tuliunda kamati, kama ilivyo desturi siku hizi. Kamati ikachapisha kadi za mchango, ikaweka kiwango, ikapitisha kwamba asiyetimiza kiwango hapati kadi ya mwaliko. Nilikuwepo kikaoni. Nilinyamaza, maana gharama za ukumbi, muziki na basi la kwenda Kibondo kumchukua bibi harusi zilikuwa zimenitisha.

Jirani yangu ni bibi mjane. Mwanangu huyo alipougua malaria akiwa na miaka mitatu, baba yake yuko safarini nami nina mimba kubwa, bibi ndiye aliyembeba mgongoni usiku hadi zahanati. Kwa ajili ya harusi alileta nusu debe ya maharage. Nilipokea, nikashukuru, nikayamimina guniani. Katika daftari la mhazini mlikuwa na safu ya fedha tu.

Kadi haikumfikia. Nami, niseme kweli, sikumkumbuka mpaka nilipokuwa ukumbini, nikaona maharage katika sahani yangu.

Jumatatu nilimpelekea nyama na kipande cha keki. Alinipa kigoda, akauliza, "Mwanangu, bibi harusi hajambo?" Kisha akasema, "Ngoma niliisikia mpaka usiku." Basi. Afadhali angenigombeza.

Usiku ule nilifungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 16. Waisraeli waliagizwa wafurahi siku 7 katika Sikukuu ya Vibanda, wakiisha kukusanya mavuno, kama sisi tu. Wanaotajwa karamuni ni wana na mabinti, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kiwango hakimo. (Neno hilo la mgeni nalo linatuhusu, sisi tuliopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo miaka ya 1990, ila hilo lina siku yake.) Ni mara ngapi nimeisoma sura hiyo mbele ya akina mama wenzangu!

Mwezi wa nane mjukuu wetu atabatizwa. Nimemwambia mume wangu kwamba safari hii hakuna kadi. Anasema watu watafurika na chakula hakitatosha, na huenda ni kweli. Jana asubuhi bibi alipita uani akauliza tutahitaji kuni mizigo mingapi.