Mtoto Aliyeimba Ndani ya Ngoma

Sisi tuliozaliwa Masisi, mashariki mwa Kongo, miaka ya themanini tunahesabu umri wetu kwa vita. Vya kwanza vilikuwa vya Ntoto. Tarehe 20 Machi 1993 vijana Wanyanga na Wahunde walivamia soko la Ntoto, katika wilaya ya Walikale, wakawaua Wahutu waliokuja kuuza na kununua. Chuki haikuzaliwa siku hiyo. Tangu 1937 Wabelgiji walileta familia kutoka Rwanda kufanya kazi katika mashamba ya wazungu Masisi. Babu yangu, Mhutu, alikuja hivyo. Wahunde wakabanwa katika ardhi yao, kisha sheria ya 1981 ikatunyang'anya sisi wenye asili ya Rwanda uraia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Ndani ya miezi michache baada ya Ntoto watu wapatao 250,000 walikuwa wamehama. Wahutu nao walilipiza kisasi, na Wahunde wengi wakafa.

Nilikuwa na miaka minane. Nilipopotezana na mama, mzee mmoja Mnyanga alinificha katika kibanda chake cha shambani. Akaniambia nimwite koko, yaani babu, na mtu akiuliza niseme ni mjukuu wake. Mchana nilijificha darini, kwenye mihogo mikavu. Usiku mke wake alileta ugali na sombe, naye mzee akanisimulia Mwindo.

Utendi huo wa Wanyanga huimbwa mbele ya watu, kwa kibuyu cha kutikiswa na njuga miguuni. Kwangu aliunong'ona. Mtemi Shemwindo wa Tubondo aliwataka wake zake wazae wasichana tu. Akazaliwa Mwindo, na papo hapo akatembea na kusema. Baba akamrushia mkuki, haukumpata. Akamzika hai, mtoto akatoka. Baba akamfungia ndani ya ngoma, akaitupa majini. Ngoma ikaelea, na mtoto akaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura.

Nilimwuliza koko kama Mwindo aliogopa mle ndani. Alisema aliogopa, ndiyo maana aliimba.

Habari za Ntoto hakuzitaja kamwe. Baadhi ya wenye mapanga walikuwa vijana wa ukoo wake. Lakini kwa kinywa cha hadithi aliniambia kwamba anayemwinda mtoto ndiye mkosaji, awe mtemi, awe baba. Mtoto anayewindwa hudhani ana hatia fulani asiyoijua. Dhana hiyo haikupata nafasi moyoni mwangu.

Mama alipopatikana tuliondoka kabla hadithi haijaisha. Mwisho wake niliusoma ukubwani, katika kitabu cha Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene kilichochapishwa 1969, kutokana na masimulizi ya Candi Rureke ya 1956. Mwindo anamfuata baba yake hadi kuzimu, anamrudisha nyumbani, wala hamuui. Lakini Shemwindo anasimama barazani na kukiri uovu wake. Ndipo wanapogawana utawala.

Masisi na Walikale hazijapata baraza kama hilo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 1 Oktoba 2010 inaanzia Machi 1993. Inaeleza pia mauaji ya wakimbizi Wahutu ya 1996 na 1997, na kusema kwamba mahakama ikiyathibitisha, baadhi yake yanaweza kuwa mauaji ya kimbari. Wanangu nawasimulia Mwindo, na sehemu ya kukiri siiruki. Wanaotuhimiza tusameheane waanzie hapo: kila aliyerusha mkuki, Mnyanga, Mhunde au Mhutu, aseme mbele ya watu kwamba aliurusha.